Ndama Arobaini na Mmoja

Mwezi wa saba, usiku usiojua giza,
tuliwavisha ndama wa kulungu namba shingoni,
kibao cheupe, kamba nyekundu,
kisha tukakaa ukingoni mwa zizi na darubini
kutazama nani anamfuata nani.
Ndama hajui kudanganya: humwendea aliyemzaa.
Ánte akiita, "Sabini na moja yuko kwa jike la Márjá,
sikio la kushoto lina mapengo mawili!"
nami naandika, mbu wakininywa vifundoni.

Kumbe tulikuwa tunaunganisha majedwali
kabla sijasikia kwamba kuna majedwali.

Sasa ni Desemba, jua limeaga Kautokeino.
Ofisini soksi za sufu zinakauka juu ya hita.
Jioni kumi na mbili nimesoma kwa Torkel,
anayefundisha kutoka Alta kupitia kioo cha kompyuta;
shingo yake ndefu, subira yake ndefu zaidi.

Mara ya kwanza nilisahau sharti.
Niliita ndama, niliita majike,
sikusema wanahusianaje.
Mashine ikanimwagia safu laki moja,
arobaini na nane elfu, mia mbili na sitini:
kila ndama mtoto wa kila jike,
ukoo usio na mwiko wala aibu.
Nikacheka hadi Niillas akachungulia mlangoni.
Torkel akasema tu, "Imekupa ulichoomba."

Mara ya pili nikaweka sharti, namba kwa namba.
Zikatoka safu mia tatu na kumi na mbili,
nadhifu kama shuka zilizopigwa pasi.
Ningeituma ripoti vile vile,
kidole kilishagusa kitufe.
Lakini vibao nilivifunga mimi:
mia tatu hamsini na tatu,
fundo kwa fundo, kwa baridi ya alfajiri.
Arobaini na mmoja wamekwenda wapi?
Mbwa mwitu haingii ndani ya jedwali.

"Umewaita wenye mama tu," alisema Torkel.
"Asiye na mwenzake upande wa pili huachwa nje,
na hakuna kengele inayolia. Badili neno moja."
Nikabadili: wa kushoto waje wote,
aliye na jozi na asiye na jozi.

Wakaja. Arobaini na mmoja,
na mahali pa mama, tupu.

Nikatoa daftari la zizini, lenye madoa ya kahawa.
Saba ya Ánte ni moja iliyolewa.
Nane ya Márjá haikufungwa kichwa, nikaisoma tatu.
Kosa halikuwa la mashine, lilikuwa la macho yangu,
na nilirekebisha moja moja, nikiandika kando
nani kabadili nini, na siku gani.
Thelathini na wawili wakarudi kwao.
Wakabaki tisa.

Nikauliza: yupi ambaye mama yake ni sawa na tupu?
Jibu: hakuna hata mmoja.
Nikauliza tena, kwa hasira, kwa herufi kubwa.
Hakuna.
Kwa maana tupu hailingani na kitu,
hata na tupu mwenzake;
huiulizi inafanana na nini,
unaiuliza tu kama ipo.
Saa sita za usiku nikalielewa hilo,
nikazima taa, nikaiwasha tena.

Niillas, binamu yangu, mwenye deni la pikipiki ya theluji,
aliegemea mlango akapunguza sauti:
"Tisa tu, Risten. Jaza alama yangu.
Kompyuta itajuaje?"

Haitajua. Hilo ndilo linalonitisha.
Itaamini, itajumlisha, itachapa kwa wino mzuri.

Mia mbili na nne ni mmoja wao.
Ninamkumbuka: alizunguka zizi mara tatu
akinusa kila ubavu,
kisha akasimama kando ya lango
tulikoingilia, akiitazama barabara.

Nimeihifadhi ripoti.
Mahali pa mama nimepaacha vile vile.
Niillas hajaninunulia kahawa tangu Jumatano.